Je, Filamu ya Kutisha Yahitaji Kusimuliwa Upya? Mfano wa "The Thing"

Utangulizi

Malalamiko kwamba watengenezaji filamu wa Marekani wameishiwa na mambo ya kusema si mageni. Kila mwaka hadhira huletewa filamu za kutisha na za bunilizi ya kisayansi ambazo ama zimetengenezwa upya kutokana na filamu kongwe, ama zinaendeleza kisa kilichokwisha kukamilika. Sababu ya kibiashara haihitaji ushahidi mrefu: jina linalofahamika huuzika kwa urahisi kuliko jina geni. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kusita kabla ya kuziunga mkono lawama hizo. Ngano husimuliwa upya na kila fanani mbele ya hadhira yake, wala hakuna amwitaye mwizi. Swali la msingi basi si iwapo kisa kimerudiwa, bali ni nini kilichobadilika katika hofu ya wasikilizaji hata kisa kikadai kusimuliwa tena. Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia kisa kimoja kilichopita katika mikono kadhaa.

Kutoka mlangoni hadi kitini

Mnamo 1938 John W. Campbell alichapisha hadithi "Who Goes There?" inayowahusu watafiti huko Antaktika ambao wanamfukua barafuni kiumbe wa anga za juu mwenye uwezo wa kujigeuza nakala ya kiumbe hai yeyote. Filamu ya kwanza, "The Thing from Another World" (1951), iliyoelekezwa na Christian Nyby, iliuacha uwezo huo kabisa na kukihamishia kisa kwenye Ncha ya Kaskazini. Adui wake ni jitu lenye asili ya mmea, linaloishi kwa damu. Jitu hilo liko nje ya mlango. Waliomo ndani wanashikamana na kuliteketeza kwa umeme, isipokuwa mwanasayansi mmoja anayetaka lihifadhiwe kwa manufaa ya elimu. Kwa Marekani ya miaka ya mwanzo ya Vita Baridi, taswira hiyo ya kambi iliyozingirwa haikuhitaji mfasiri.

John Carpenter aliipenda filamu hiyo kiasi kwamba katika "Halloween" (1978) aliwaonyesha watoto wakiitazama kwenye televisheni. Alipokirudia kisa mnamo 1982, lakini, hakuiga alichokipenda. Alirudi kwa Campbell. Katika "The Thing" kiumbe anaingia kambini akiwa na umbo la mbwa, na baada ya hapo aweza kuwa mtu yeyote miongoni mwa wanaume kumi na wawili. MacReady anawafunga wenzake vitini na kuijaribu damu ya kila mmoja kwa waya uliochomwa moto. Hofu imehama: imetoka mlangoni na kuketi kwenye kiti cha jirani. Umoja uliowaokoa wahusika wa 1951 ndio sasa unaowaangamiza, kwa kuwa hakuna ajuaye anaungana na nani. Mwishoni kambi inateketea, na wanaume wawili wanakaa thelujini wakitazamana bila ya yeyote kuwa na hakika kwamba mwenzake ni binadamu.

Wahakiki wengi wa wakati huo waliishutumu filamu hii, iliyotoka wiki mbili tu baada ya "E.T." na mgeni wake mpole wa angani. Leo huhesabiwa miongoni mwa kazi bora za utanzu wake. Anayedai kwamba marudio ni dalili ya ufukara wa ubunifu hana budi kueleza namna marudio haya yalivyoipita filamu ya kwanza.

Hoja hii haikomei kwa Carpenter. Katika "The Fly" ya 1958 mwanasayansi anapata kichwa na mkono wa inzi kwa ghafla. Katika ile ya David Cronenberg (1986) mwili unaoza polepole, kama wa mgonjwa. Watazamaji wengi waliiona kuwa istiara ya UKIMWI, ingawa Cronenberg mwenyewe ameieleza kwa upana zaidi, kuwa inahusu maradhi na uzee. Gus Van Sant, kwa upande wake, aliitengeneza upya "Psycho" mnamo 1998 kwa kufuata takriban kila picha ya Alfred Hitchcock ya 1960, akiongeza rangi. Hofu haikuwa imehama popote, na kazi hiyo imebaki zoezi la darasani.

Mwendelezo na kitendawili

Filamu ya mwendelezo ina tatizo lake. Hofu hustawi katika kutojua, ilhali mwendelezo huanza na hadhira inayojua. James Cameron alilitambua hilo katika "Aliens" (1986): badala ya kumficha upya kiumbe aliyefichuliwa na Ridley Scott mnamo 1979, aliwaleta viumbe wengi na kukigeuza kisa kuwa cha vita.

Waliotengeneza "The Thing" ya 2011 walichagua njia nyingine. Katika filamu ya Carpenter, Wamarekani wanaifikia kambi ya watafiti wa Norwei na kukuta mabaki tu: maiti iliyoganda, tofali kubwa la barafu lililo tupu, shoka lililokwama. Hakuna maelezo. Katika kitendawili, hadhira ikishindwa hutoa mji ndipo jibu litolewe. Carpenter alipewa mji, akakaa kimya. Filamu ya 2011 inarudi nyuma na kulitegua kila fumbo, hadi la shoka, na kila jibu ni dogo kuliko kimya kilichotangulia.

Imo, hata hivyo, buni moja njema. Kiumbe hawezi kunakili kisicho hai, hivyo wahusika wanamulikana vinywani wakitafuta meno yaliyozibwa kwa madini. Mwenye meno mazima ndiye mshukiwa. Kwa dakika chache filamu inaacha kujibu na kuanza kuuliza. Kisha inalirudia shoka.