SUKARI YA EMBE INAPITA WAPI?

Wanachama wenzangu, sisi wa Kitui na ndugu zetu wa Makueni tunajua kula embe, lakini sukari ile imefikaje ndani ya tunda? Haitengenezwi humo. Hutengenezwa zaidi na majani kwa nguvu ya jua, kisha husafiri kwa bomba liitwalo floemu.

Kuingia bombani ndiko kazi. Katika mimea mingi ya shambani, seli zilizo ubavuni mwa bomba hutumia nguvu kusukuma ioni za haidrojeni nje. Zikirudi ndani, hurudi na sukari. Ni kama makanga wa matatu: akishuka stejini harudi mkono mtupu, anarudi na abiria! Miti mingi haijisumbui hivyo; sukari hujaa jani mpaka inapita yenyewe kwenye vitundu vidogo kati ya seli.

Bomba likijaa sukari, maji huingia kwa osmosi kutoka zailemu, yaani bomba la maji. Shinikizo hupanda, utomvu ukasukumwa kuelekea penye shinikizo dogo. Mjerumani Ernst Münch alieleza hayo mwaka wa 1930. Embe bichi hupokea sukari hiyo na kuigeuza wanga, hivyo nafasi ya kupokea nyingine haiishi. Likiiva, wanga hurudi kuwa sukari. Mizizi nayo huitumia kupumua na kukua.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana wakati wa kiangazi, mbuzi walibambua gome la mwembe wa nyanya, shina zima kuzunguka. Mti ulikuwa umeanza kuzaa, na maembe yake ndiyo yalinunua vitabu vyangu. Majirani wakasema ati bora majani ni mabichi, utapona tu. Baada ya miezi ukakauka. Si ajabu: zailemu iko ndani kwenye mbao, basi maji yaliendelea kupanda. Floemu iko kwenye gome, nayo ilikuwa tumboni mwa mbuzi. Mizizi ilikula akiba yake, ikaisha, ikafa njaa huku majani yakimeta.

Mti kama huo huweza kuokolewa ukiwahiwa. Huchukuliwa vijiti vibichi vya mwembe, vikapandikizwa kuvuka kidonda, ncha moja chini na nyingine juu, bila kuvigeuza kichwa chini. Hufungwa imara, kidonda kikakingwa na jua. Floemu ya kijiti ikishikana na ya shina, sukari huvuka kama darajani.