Je, Msaada Ulifika?

Wanachuo wenzangu, wengi wenu mnaikumbuka ile wikiendi ya kongamano la akina mama viongozi na wafadhili hapa chuoni kwa foleni ya magari getini na pilau la Jumamosi. Mimi naikumbuka kwa sababu nilipewa kipaza sauti, mikono ikatetemeka. Wanafunzi kadhaa wa elimu tuliombwa kueleza tuliyoyaona shuleni wakati wa mazoezi ya kufundisha. Naandika hapa nilichokisema pamoja na somo nililotoka nalo, maana wengi wetu tutakuwa walimu, na mara nyingi msaada hupita mikononi mwa mwalimu kabla ya kumfikia mtoto.

Mazoezi niliyafanyia nyumbani, mkoani Singida, kwenye sekondari moja ya kata. Siku moja likaletwa boksi la taulo za kike, nami nikapewa kazi ya kuandika wasichana wenye uhitaji. Nikaandika majina kumi na manne. Asubuhi, kwenye paredi, mbele ya shule nzima na wavulana wakiwemo, nikayasoma. Wakatoka kumi na watatu. Wa kumi na nne, binti wa kidato cha pili, alibaki kwenye mstari anaangalia viatu vyake. Kiukweli nilidhani hajasikia, nikarudia jina lake mara mbili. Wavulana wakaanza kucheka.

Kesho yake hakuja shule, wala keshokutwa. Aliporudi nilimwita pembeni kumuuliza kulikoni. Akasema, "Mwalimu, ningekuja ofisini mwenyewe." Basi, hakuongeza neno.

Aliyetoa boksi hakukosea. Niliyekosea ni mimi, na nilikuwa na A ya saikolojia ya elimu.

Nilipomaliza, mama mmoja mtu mzima aliyekaa mstari wa pili akainua mkono. "Mwanangu, yule binti pedi alizipata?"

"Hapana, mama. Niliporudi stoo boksi lilikuwa tupu."

Hakunigombeza. Alitikisa kichwa tu, akaandika kitu kwenye daftari lake. Lakini swali lake ndilo somo lenyewe. Sisi tunahesabu kilichotolewa, tunapiga picha, tunapiga makofi. Kuhesabu kilichofika tunasahau.

Jambo hili hutokea hata kwenye mambo makubwa ya nchi. Julai 2018 Serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike ili bei ishuke. Nia ilikuwa njema kabisa. Kwenye bajeti ya 2019/20 kodi ikarudishwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Yaani Serikali ilisamehe fedha zake, na binti dukani hakuona tofauti. Nafuu iliishia njiani.

Sasa tazama mfano wa pili. Mwaka 1960 binti wa Kikenya, Wangari Maathai, alipelekwa Marekani kusoma kwa mpango wa ufadhili uliochangiwa na watu na taasisi mbalimbali. Alisoma Mount St. Scholastica, chuo cha Kikatoliki cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenedikto huko Kansas, akahitimu 1964. Miaka kumi na mitatu baadaye, 1977, alianzisha harakati za kupanda miti zilizojulikana kama Green Belt. Wanawake wa vijijini walipewa malipo kidogo kwa kila mche, lakini ule uliopona, siyo ule uliochomekwa tu ardhini. Mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mimi hapo ndipo ninapojifunza: hesabu ianzie kwenye mche uliopona.

Wala tusidhani mfadhili ni lazima ashuke kwenye gari kubwa. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ulianza 1972, na kigangoni kwetu akina mama hao ndio walioniandaa kuja chuo. Huyu alileta kuku, yule dumu la mafuta ya alizeti, vikauzwa, nikapata godoro, ndoo na nauli. Hakuna aliyenisimamisha mbele ya watu. Mama yangu aliulizwa kwanza, "Mtoto amepungukiwa nini?" Na nilipofika walipiga simu kuuliza kama godoro limenitosha kitandani.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejiandaa kwenda mazoezini, chukua haya matatu. Kwanza, uliza kabla ya kuandika orodha. Ada ilifutwa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, lakini sare, madaftari na pedi bado ni mzigo wa nyumbani, na kila nyumba ina upungufu wake. Pili, toa kwa faragha. Jina la mtoto mwenye uhitaji si tangazo la paredi. Tatu, rudi ukaulize kama kimefika, na kama hakikufika, sema.

Bumu lilipoingia nilimtumia matroni wa ile shule hela kidogo, tukakubaliana pedi zikae kwenye droo ya ofisi yake, na msichana yeyote aingie achukue bila kuandikwa. Wiki mbili baadaye nikampigia.

"Shikamoo matroni. Yule wa kidato cha pili alishakuja?"

"Marahaba. Bado, mwanangu. Wengine wanakuja."

Nitapiga tena mwezi ujao.