Qur'an haingojei Mlipuko Mkuu

Kuna hoja imeota mizizi katika mihadhara yetu tangu enzi za kaseti mpaka leo kwenye video za simu. Mhadhiri husoma aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa, inayotaja kwamba mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha Allah (S.W.) akazitenganisha, halafu husema: huu ndio ule Mlipuko Mkuu, wao wameujua juzi, sisi tunao tangu miaka 1400 iliyopita. Takbira hupigwa na watu huondoka wamefurahi. Kitabu cha daktari wa Kifaransa Maurice Bucaille, kilichotoka mwaka 1976, kiliipa nguvu sana njia hii ya kulingania. Sikatai kwamba wapo walioingia au kurejea katika dini kwa mlango huo, na wanaoutumia wengi wao ni watu wa ikhlasi.

Lakini mimi nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na naona mlango huo una hatari ambayo inawaangukia zaidi vijana wetu walioko vyuoni.

Ndugu msomaji, kwanza tuifahamu hiyo fizikia yenyewe. Mwaka 1915 Albert Einstein alikamilisha nadharia yake juu ya nguvu ya uvutano. Alipoitumia kuuhesabu ulimwengu wote, mwaka 1917, alikuta hesabu zake haziuachi utulie. Wakati ule kila mtu aliamini kuwa ulimwengu haupanuki wala haupungui, basi akaongeza tarakimu moja ya kuushikilia usitikisike. Mwaka 1927 Georges Lemaître, mwanafizikia wa Ubelgiji ambaye pia alikuwa padri wa Kikatoliki, alionyesha kuwa ulimwengu unapanuka. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble, kwa darubini kubwa ya California, alitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba galaksi kadiri zilivyo mbali nasi ndivyo zinavyokimbia kwa kasi zaidi.

Chukua mkate wa kumimina uliotiwa zabibu. Unapoumuka, kila zabibu huwaona wenzake wote wanasogea mbali naye, na aliye mbali zaidi husogea haraka zaidi, ingawa hakuna zabibu aliyetembea. Kilichotanuka ni unga. Sasa ukirudisha hesabu nyuma, utafika wakati ambapo vyote tunavyoviona vilikuwa vimebanana katika joto lisiloelezeka. Kwa vipimo vya leo, ni kama miaka bilioni 13.8 iliyopita.

Nadharia yenyewe inaishia hapo. Haisemi kwamba kabla yake hapakuwa na kitu, wala haisemi nani aliyeumba. Ukizidi kurudi nyuma, hesabu za Einstein zinagoma, na wataalamu hawajakubaliana ziwekwe hesabu gani badala yake. Hata jina linapotosha, maana hakuna bomu lililoripuka mahali fulani angani. Jina hilo lilitolewa kwenye redio ya BBC mwaka 1949 na Fred Hoyle, Mwingereza ambaye hakuikubali nadharia hii.

Huyu Hoyle ndiye anayenifanya niandike makala haya. Mwaka 1948 yeye na wenzake wawili, Bondi na Gold, walitoa nadharia yao: ulimwengu unapanuka, ndiyo, lakini maada mpya inazuka polepole kujaza nafasi, kwa hiyo haukuwa na mwanzo na hautakuwa na mwisho. Walikuwa wasomi wakubwa, na kwa miaka kadhaa nadharia yao ilishindana na ile nyingine bega kwa bega. Mizani ililalia upande mmoja mwaka 1965, pale Penzias na Wilson wa New Jersey walipokuwa wakihangaika na mvumo wa ajabu katika antena yao. Walidhani labda ni kinyesi cha njiwa, wakakisafisha, mvumo ukabaki. Kumbe ni masalia ya lile joto la mwanzo, yanayotufikia kutoka kila upande wa mbingu.

Sasa jiulize. Muislamu aliyeisoma Suratul Anbiyaa mwaka 1955 angefanya nini kama imani yake ingekuwa imetundikwa kwenye fizikia? Angesubiri miaka kumi mpaka njiwa wafukuzwe?

Na wafasiri waliotutangulia hawakusubiri. Katika tafsiri zinazonasibishwa na Ibn Abbas (r.a.), kuziba na kufunguliwa kunakotajwa katika aya ile ni kwa mbingu iliyokuwa hainyeshi na ardhi iliyokuwa haioti, kisha Allah akaifungua hii kwa mvua na ile kwa mimea. Wengine walisema ni kutenganishwa kwa mbingu na ardhi zilizokuwa zimeshikana. Vivyo hivyo aya ya 47 ya Suratudh Dhaariyaat, ambayo siku hizi husomwa kuwa ni kupanuka kwa ulimwengu, wafasiri wengi wa kale waliielewa kwa maana ya uwezo na ukunjufu, kwa kuwa neno lile limetoka katika mzizi uleule uliotupatia "wasaa" katika Kiswahili. Maana mpya yaweza kukubalika kama moja ya maana. Kosa ni kuifanya ndiyo maana pekee, kisha tukawaambia watu kuwa Qur'an imethibitishwa nayo. Tangu lini kinachobadilika kikawa hakimu wa kisichobadilika?

Kijana mmoja wa chuo aliwahi kunifuata baada ya darsa. "Mwalimu," akaniambia, "nimesoma kwamba wapo wanafizikia wanaofikiri kabla ya Mlipuko Mkuu kulikuwa na ulimwengu mwingine. Wakithibitisha, aya nitaifanyaje?" Alikuwa hatanii, uso ulionyesha amekosa usingizi kwa jambo hilo. Nilimjibu kwamba aya haikumwomba ushahidi huo. Hata ulimwengu mwingine ukithibitika, nao ni kiumbe kilichohitaji Muumba. Kilichotikisika ni ngazi ambayo sisi wakubwa wake tulimsimika juu yake.

Ajabu ni kwamba aliyeliona hili mapema ni yule yule Lemaître. Mwezi Novemba 1951 Papa Pius wa 12 aliwahutubia wanasayansi wake akadokeza kuwa sayansi imeshuhudia saa ya uumbaji. Padri hakufurahi. Kwake nadharia ilikuwa suala la fizikia, na aliyeamini na asiyeamini wote walikuwa huru kuipima. Papa alipozungumza na wanafalaki waliokutana Rome mwezi Septemba 1952, dai lile hakulirudia.

Wapo pia ndugu zetu wa upande wa pili, wanaoona fizikia yote ni ya makafiri na kuikataa ndiyo kuitetea dini. Hao Imamu Ghazali aliwajibu karibu miaka 900 iliyopita, mwanzoni mwa kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa. Alisema kuwa kupatwa kwa jua na mwezi kuna hesabu zisizo na shaka, na anayezipinga kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe, kwani aliyezihakiki hesabu hataacha kuziamini, ataishia kuitilia shaka dini. Nami naongeza: programu ya kibla iliyomo kwenye simu ya ndugu huyo inategemea setilaiti ambazo saa zake huzidi za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama Einstein alivyohesabu. Zisiporekebishwa, ndani ya siku moja tu simu itakosea mahali ulipo kwa kilometa kama 10.

Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku hiyohiyo na watu wakasema ni kwa sababu ya msiba ule. Palikuwa na muujiza wa bure, umeletwa mlangoni. Aliukataa. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, na akawaamrisha swala.

Tarehe 2 Agosti 2027, Inshallah, jua litapatwa lote mjini Makka, na huku kwetu Afrika Mashariki litapatwa sehemu tu. Dakika za kuanza na kumalizika zimekwishahesabiwa, na yeyote anaweza kuziandika leo kwenye kalenda yake. Imamu naye ataziangalia ili ajue wakati wa kuwaita watu kwenye swala ya kupatwa.