Mchekeshaji na Kichekesho: Somo kutoka kwa King Majuto

Amri Athumani, aliyejulikana kama King Majuto, alifariki tarehe 8 Agosti 2018 huko Dar es Salaam. Mimi ni mtoto wa Bukavu. Nyumbani tulisema "kitabu yangu"; sikio langu lilizoea "kitabu changu" kwa kutazama filamu zake, kabla mwalimu yeyote hajanifundisha ngeli. Ndiyo maana namwomboleza kwa sarufi.

Tuchukue kitenzi cheka. Tukiongeza kiambishi cha kutendesha, -esh-, tunapata chekesha, yaani kumfanya mwingine acheke. Hapo huzaliwa nomino mbili: mchekeshaji, ngeli ya kwanza, na kichekesho, ngeli ya saba. Tazama sasa sentensi hii: Mchekeshaji amefariki, kichekesho kimebaki. Upatanisho wa a- na ki- unamtenga mtu na kazi yake.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, tunapomtaja Majuto tutasema alichekesha, kwa -li-. Lakini kila filamu yake inapowashwa, watu hucheka. Kiambishi hu- hakifungwi na wakati mmoja. Ndani yake marehemu bado yuko kazini.