Jina, Lugha na Kitambulisho: Filamu ya My Name Is Sara na Funzo la Rwanda ya 1994

1.0 Utangulizi

Darasani, aghalabu tunalieleza kabila kuwa ni kundi la watu wenye lugha moja na utamaduni mmoja. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo hayatoshi, na kwamba wakati wa vita upungufu wake hudhihirika kwa gharama ya maisha ya watu. Hoja hii inajengwa kwa kuilinganisha filamu ya My Name Is Sara (2019), iliyoongozwa na Steven Oritt, na kesi iliyoamuliwa Arusha mwaka 1998.

2.0 Jina na Desturi

Filamu hii inatokana na maisha ya Sara Góralnik, msichana wa Kiyahudi wa miaka 13 kutoka Korzec, mji uliokuwa Poland kabla ya vita na ambao sasa uko Ukraine. Mwaka 1942 anakimbia mauaji, anajiita Manya, na kupata kazi ya yaya kwa mkulima Mkristo. Hata hivyo, jina geni pekee halimkingi. Anapimwa kwa ishara ya msalaba na kwa kula nyama ya nguruwe. Utambulisho wa bandia, basi, ni kazi ya kila saa, na kuteleza ulimi mara moja kungetosha kumfichua.

Anwani ya filamu nayo ina uzito wake. Amri ya Ujerumani ya Agosti 1938 iliwalazimu wanawake wa Kiyahudi ambao majina yao hayakuhesabiwa kuwa ya Kiyahudi waongeze jina la Sara kuanzia Januari 1939; wanaume waliongeza Israel. Hivyo jina ambalo mhusika analificha ndilo hilo lililofanywa chapa ya kuwatenga watu wake.

3.0 Lugha Moja, Kadi Tofauti

Nchini Rwanda hali ilikuwa kinyume. Wahutu na Watutsi walizungumza Kinyarwanda, wakasali katika makanisa yaleyale na kuishi vilima vilevile. Palipokosekana tofauti ya lugha, karatasi ilichukua nafasi yake. Utawala wa Kibelgiji ulianzisha katika miaka ya 1930 kadi zilizotaja kabila la mtu, na katika mauaji ya kimbari ya Aprili hadi Julai 1994 kadi hizo zilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Manya angeweza kujifunza sala. Aliyesimamishwa kizuizini hakuwa na la kujifunza.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikabiliwa na tatizo hilihili katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, tarehe 2 Septemba 1998. Kama kabila ni lugha na utamaduni, Watutsi walikuwa kabila gani? Majaji walizingatia kwamba dola yenyewe iliwagawa raia kwa kadi, na kwamba watu walijiona na kuonwa hivyo. Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

4.0 Mtazamo kutoka Babati

Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ni mahali pafaapo kuipima hoja hii. Wagorowa na Wairaqw huzungumza lugha za Kikushi, Wadatoga lugha ya Kiniloti, Warangi na Wambugwe lugha za Kibantu. Kama tofauti ya lugha peke yake ingezaa uadui, soko la Babati lingekuwa uwanja wa vita. Kama lugha moja peke yake ingeleta amani, Rwanda ingesalimika. Kwa hiyo, tusikisifu Kiswahili kupita kiasi kwa kukifanya chanzo pekee cha umoja wetu.

5.0 Hitimisho

Neno kitambulisho linatokana na kutambulisha: ni chombo cha kumfanya mtu ajulikane. Filamu na hukumu zinatukumbusha tuulize anajulikana kwa nani, na kwa kusudi gani. Mwalimu anayefafanua kabila hana budi kuongeza sehemu hii ya tatu: nguvu ya yule anayeandika jina.