Jiwe Halipandi Kilima Lenyewe: Mafunzo 6 Niliyopata kwenye Malundo ya Mawe

Nina miaka 21 katika kazi ya mlima na mbuga. Nilianza kwa kubeba mizigo Kilimanjaro, nikapanda hadi kuwa mwongozaji, na sasa magoti yamegoma, naendesha gari la watalii upande wa Engaruka na Ziwa Natron. Wageni huja kutafuta tembo na theluji. Mimi kitu nilichokutana nacho kila mahali, kileleni na bondeni, ni lundo la mawe lililopangwa na mkono wa mtu. Nimewahi kulijenga kwa ujinga, nikalipita bila heshima, na mwishowe nikalijenga nikiwa na huzuni. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Lundo lisilo na kazi ni uongo

Msimu wangu wa pili nikiwa mgumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro tunavyojiita, mimi na mwenzangu tuliwatangulia wageni kwenye uwanda wa Shira. Upepo ulikuwa unakata masikio. Tukaacha njia, tukajibanza kwenye ukingo wa korongo, tukatua mizigo yetu ya kilo 20. Vijana wakikaa bure hawakosi la kufanya: tukaanza kupanga mawe. Likainuka lundo la kufika kiunoni, lenye tumbo katikati. Tukalipa jina la mpishi wetu, tukacheka, tukaondoka.

Kesho yake ukungu ukashuka. Shira iko zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi njia inapita juu ya mwamba usioshika nyayo. Ukungu ukifunga, watu hutembea kwa malundo: unafika kwenye moja, unasimama, unalitafuta la pili kwa macho, ukiliona ndipo unaliacha la kwanza. Kundi moja likaliona lundo letu, likaamini ni la njia, likashuka korongoni. Walipoteza karibu saa mbili, na mgeni wao mmoja tayari alikuwa anatapika kwa ugonjwa wa mwinuko.

Mlimani habari hufika kambini kabla ya mwenye nayo. Kiongozi wetu hakunitukana. Alinirudisha pale pale, akanisimamia nikilibomoa jiwe kwa jiwe, kila moja nikilirudisha kwenye shimo lilimotoka. Nikaona kwamba chini ya kila jiwe palikuwa na kitu: buibui, mzizi, ukungu wa kijani ulioanza kukauka. “Mawe hayasemi,” aliniambia, “lakini wewe umeyasemesha uongo.”

Ndiyo maana leo nikimwona mgeni anapanga mawe ili apige picha, namwomba kwa upole ayarudishe. Akiniuliza kwa nini, namsimulia habari ya lile korongo.

2. Kabla ya kugusa, uliza

Miaka kadhaa baadaye nilimpandisha mzee mmoja kutoka Scotland. Tulipofika Lava Tower, kwenye mita kama 4,600, aliokota kijiwe, akakishika mkononi mbele ya lundo moja, akanigeukia: “Hili ni la njia au la marehemu?”

Katika miaka yote ile hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu ni la njia. Akakirudisha kijiwe chake chini.

Jioni, kwenye hema la chakula, akanieleza. Kwao lundo huitwa càrn, neno la Kigaeli, na vilima vyao vimejaa. Liko la kuonyesha kilele, liko la njia, liko la mpaka, liko la wafu. Karibu na mji wa Inverness kuna makaburi ya mawe ya Clava, yenye umri wa miaka kama 4,000. Kumwongezea marehemu jiwe ni namna ya kumwambia kwamba hajasahaulika. Kuna hata aina ya mbwa wadogo wenye manyoya ya kukwaruza wanaoitwa Cairn Terrier, kwa sababu kazi yao ilikuwa kuwafukuza wanyama waharibifu waliojificha ndani ya malundo hayo.

Naye alikuwa na mbwa wa aina hiyo. Alipokufa alimzika kwenye kilima nyuma ya nyumba, akampangia mawe juu, na kila anapopita huongeza moja. Nilitikisa kichwa kwa adabu. Moyoni nilicheka: wazungu na mbwa wao.

3. Si kila lundo ni kaburi, na kaburi si la kufukua

Nilipohamia kazi ya gari, Engaruka ikawa njia yangu ya kila mara. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kuna mabaki ya mashamba ya umwagiliaji, takriban hekta 2,000, yaliyolimwa kati ya karne ya 15 na ya 18. Kuna mifereji, kuna makinga maji ya mawe, na kuna malundo mengi. Mwanzoni nilikuwa nawaambia wageni kwa sauti ya chini kwamba yale ni makaburi. Waliguswa. Bakshishi ilipanda.

Siku moja nikawabeba watafiti, na mmoja wao akanisahihisha. Mengi ya malundo yale ni mawe yaliyookotwa shambani ili jembe lipite. Mkulima alijaza mikono, akatupa pembeni. Kesho akajaza tena. Niliona aibu, kwa sababu mama yangu hufanya hivyo hivyo kila mwaka kwenye shamba letu la chini. Nilikuwa nimeangalia kazi ya mkulima mwenzetu nikaifanya hadithi ya mizimu.

Lakini usiende upande wa pili ukadhani yote ni takataka za shamba. Ndani ya kreta ya Ngorongoro kuna malundo ambayo kweli ni makaburi ya wafugaji wa kale. Kaskazini zaidi, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, pako Lothagam, ambako wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita walijenga jukwaa la mawe, wakalizungushia malundo na nguzo. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba wamelala pale watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, wengi wakiwa na shanga zao, bila dalili ya bwana na mtwana. Mtu anayefukua lundo kama hilo akitafuta dhahabu inayosemekana ilifichwa na Mjerumani, na huku kwetu hawakosekani, anavunja kitabu ambacho hakina nakala.

4. Jiwe moja ni salamu

Nilikuwa na mwenzangu Mmaasai tuliyekuwa tunapokezana usukani. Barabara ya kwenda Natron, mahali fulani ambapo mimi niliona vichaka tu, aliniomba nisimamishe gari. Akashuka, akaokota jiwe, akatembea hatua kama 30, akalitupia kwenye lundo, akarudi.

“Nani yule?” nikamuuliza.

“Mzee,” akasema. Tukaendelea na safari.

Baadaye alinifafanulia. Zamani kwa Wamaasai kaburi halikuwa la kila mtu. Laiboni, yaani kiongozi wa matambiko, au mtu mkubwa ndiye aliyezikwa, akalundikiwa mawe, na kila apitaye humwongezea. Afisa Mwingereza A. C. Hollis aliliandika jambo hili katika kitabu chake kuhusu Wamaasai mwaka 1905, kwa hiyo si desturi iliyotungwa kwa ajili ya watalii. Wazulu nao wana lundo la wapita njia, huliita isivivane. Na sisi tuliokulia kwenye Biblia tunamkumbuka Yakobo na mkwewe Labani katika kitabu cha Mwanzo, walivyokusanya mawe yawe shahidi kati yao, asivuke mmoja kwenda kumdhuru mwenzake. Wakala chakula juu ya lundo hilo.

Kinachonishangaza ni bei. Jiwe halinunuliwi, halihitaji kamati wala michango, na linachukua dakika moja. Hata hivyo lundo likifika kifuani, ujue wamepita watu mia kadhaa waliokubali kusimama.

5. Udongo peke yake haumlindi mbwa

Popi alikuwa mbwa koko, mwekundu, sikio moja limekatwa na nyani. Alikaa kwetu miaka 11. Kila niliposhuka mlimani, alikuwa wa kwanza kunisikia, kabla sijafika kwenye mfereji. Mwezi wa saba mmoja, wakati wa baridi, nilimkuta amejikunja chini ya banda la majani ya ng’ombe, ameshakuwa mkavu.

Nikachukua jembe nikaelekea nyuma ya nyumba, kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani. Mama akanizuia. “Baba,” akaniita, kama anavyoniita akitaka nimsikilize, “hapa kihambani amelala babu yako. Popi mtafutie pake.” Alisema hivyo huku anajifuta macho kwa kanga.

Basi nikamtia Popi kwenye mfuko wa salfeti, nikamfunga nyuma ya pikipiki, nikashuka naye hadi lile shamba letu la chini, la mahindi, porini. Kuna kilima kidogo pembeni ya shamba, hakilimiki. Nikachimba futi mbili, nikagonga mwamba, nikachoka. Nikamlaza, nikafukia, nikashindilia kwa miguu, nikaondoka nikijiona nimemaliza.

Alfajiri mlinzi wa shamba la jirani akanipigia simu. Nilikuta mfuko umechanwa na udongo umetawanyika. Nyayo zilikuwa za mbwa wenzake.

Safari hii nilikwenda na sururu na mtalimbo. Nikaupasua mwamba hadi futi tatu na nusu. Nilipomlaza tena, nikafukia nusu, nikashindilia, kisha nikapanga mawe bapa kama mfuniko, yakigusana. Juu yake udongo uliobaki. Halafu lundo lenyewe: mawe makubwa chini kwa duara, kila moja likiinamia ndani, si nje. Safu ya pili, kila jiwe likakalia mawili ya chini, lisisimame juu ya moja peke yake. Katikati nikajaza mawe madogo na kokoto, nikayagonga mpaka yasicheze. Mawe yote niliyatoa kwenye lile lundo la mama la pembeni ya shamba. Nilianza saa mbili asubuhi, nikamaliza saa nane mchana. Lilifika gotini. Nililisukuma kwa mguu, halikutikisika.

Kwa atakayefikwa na hili, nina mawili ya kusema. Chimba mbali na mfereji, kisima na mahali maji ya mvua yanapopita. Na kama mbwa amekufa kwa namna ya kutia shaka, anatokwa mapovu au alikuwa anauma ovyo, usimguse kwa mikono mitupu. Mwite kwanza bwana mifugo, maana kichaa cha mbwa hakina masihara.

Nilipokalisha jiwe la mwisho, nikamkumbuka yule mzee wa Scotland. Kile kicheko changu cha moyoni kikanirudia, na safari hii hakikuwa na utamu.

6. Lundo hulindwa na midomo

Mwaka uliofuata nilikwenda shambani wakati wa kupanda, nikakuta kaburi la Popi limebonyea upande mmoja. Nikahesabu mashimo: mawe 11 hayapo. Sikuhitaji upelelezi. Ng’ambo ya mpaka jirani alikuwa anajenga banda la mbuzi, na mawe yangu yamekaa vizuri kabisa kwenye msingi.

Nilikuwa nimepandwa na hasira tayari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Ndugu yangu, mimi nilijua ni mawe ya shamba.”

Sikuwa na jibu. Hilo ndilo kosa langu mwenyewe la Engaruka, ila limegeuzwa: mimi niliona kaburi mahali pa kazi ya mkulima, yeye akaona kazi ya mkulima mahali pa kaburi. Na wote wawili hatukuuliza. Mimi nilikuwa na hatia ya ziada, kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu. Lundo la laiboni halilindwi na ukubwa wa mawe yake. Linalindwa na yule mwenzangu aliyesimamisha gari, na baba yake aliyemwonyesha.

Kesho yake jirani aliyarudisha mawe kwa toroli, akayapanga kwa mkono wake. Tukanywa chai tumekaa pale pale. Nikamsimulia Popi alikuwa mbwa wa namna gani, hasa ile habari ya nyani. Tangu siku hiyo, watoto wake wakipita kwenda kuchunga hudondosha jiwe.

Msimu huu tumevuna magunia tisa. Mawe tuliyookota wakati wa kulima tumeyapeleka yote kwenye kilima kile, na lundo sasa linanifika kiunoni, sawa na lile nililobomoleshwa Shira. Mwenye trekta akiuliza njia, anaambiwa akate kushoto kwa Popi. Kaburi limekuwa pia jalala la mawe ya shamba na alama ya njia, na kila mtu wa pale anajua.

Wewe huenda hujui. Kwa hiyo ukipanda kilima cha watu ukakuta mawe yamepangwa, usiongeze wala usipunguze. Mtafute mchungaji, mlinzi, au mama mwenye kuni kichwani, umsalimie, kisha umuulize.