Nimpe mwanangu kitabu ambacho mbwa anakufa?

SWALI: Binti yangu wa miaka 10 haachani na mbwa wetu. Nimepata *Old Yeller*, ila nasikia mbwa anakufa. Nimpe?

JIBU: Mpe, mzazi mwenzangu, ila msome pamoja. Fred Gipson alikitoa mwaka 1956, na hadithi yenyewe inatokea Texas katika miaka ya 1860. Baba amesafiri kupeleka ng'ombe Kansas. Travis, mwenye miaka 14, ameachiwa boma, mama na mdogo wake Arliss. Mbwa anaingia kama mwizi, anakula nyama iliyotundikwa, na Travis anamchukia. Mapenzi yao yanakuja polepole, kwa kazi na hatari, na hapo ndipo uzuri wa kitabu ulipo.

Mwishoni mbwa anapigana na mbwamwitu mwenye kichaa ili kuiokoa familia, na Travis analazimika kumpiga risasi. Hapo simama, umweleze binti yako historia: chanjo ya Louis Pasteur ya kichaa cha mbwa ilitumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Wakati wa Travis, aliyeambukizwa alikuwa hana wa kumwokoa, na mbwa aliyeng'atwa aliihatarisha nyumba nzima. Bila maelezo hayo mtoto ataona ukatili mtupu.

Akilia, mwache alie. Usikimbilie kumwahidi mbwa mwingine. Na kama mbwa wenu hajachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, nendeni naye pamoja kwa daktari wa mifugo.